Simbilisi Aliyepelekwa Mikumi

Juzi nilisahau nje kamba mpya ya kuanikia nguo, mvua ikainyeshea mpaka ikalowa kabisa. Nilipokwenda kuikaza ilinipa harufu ile: ukali wa majani mabichi uliochanganyika na uchachu, kama wa togwa iliyosahauliwa mtungini. Nilisimama uani na kamba mkononi kwa muda mrefu, hata mama mwenye nyumba akanichungulia dirishani. Hapo nikaanza kuwaza anawaza nini juu yangu, mtu aliyemaliza chuo kikuu juzi tu, amesimama asubuhi yote ananusa kamba. Nilitamani kumweleza. Nikawaza nitaanzia wapi. Mwisho sikumweleza, na ndiyo maana nawaeleza ninyi.

Hiyo ni harufu ya mkonge, na kwangu mimi ni harufu ya hewa yenyewe. Nilizaliwa katika shamba la mkonge kati ya Kilosa na Kimamba, wakati Mwingereza bado anatawala. Kambi yetu ilikuwa safu za vyumba vilivyopakwa chokaa, kila safu imetazamana na nyingine kama watu waliokosana. Upande wa chini kilikuwa kiwanda cha kukamua mkonge, ambacho sisi sote tulikiita korona. Kuanzia alfajiri mashine zake zililia, na makapi ya kijani yakatiririka mferejini, yakichacha juani. Mgeni akifika kambini hushika pua. Sisi watoto tulimtazama na kushangaa anashikia nini pua.

Baba alikuwa mkata mkonge. Alitoka Ubena, juu kwenye baridi ya Njombe, akaja kwa mkataba kama manamba wengine, na mkataba ukazaa mkataba mwingine. Mama alimfuata baadaye. Alikuja na kikapu, na ndani ya kikapu mlikuwa na kifuko cha mbegu za ulezi na simbilisi wawili, dume na jike.

Kama hamjawahi kumwona simbilisi, mfikirie mnyama anayetosha viganja viwili, mnene, hana mkia, masikio kama petali za ua lililonyauka. Hachimbi shimo, haibi nafaka, hapandi ukuta. Nyanda za juu watu huwafuga jikoni, wakizunguka jiko kwa miguu yao mifupi na kula majani yanayotupwa sakafuni, na siku ya mgeni mmoja hugeuka mboga. Wakisikia mtu anaingia na majani, hupiga mluzi wote kwa pamoja: kwii, kwii, kwii! Mama alisema mluzi huo ndiyo hodi ya kwao.

Pale kambini hakuna aliyejua hayo. Majirani waliwaita panya wa Wabena. Bi Mwajuma, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwenyeji wa Kilosa na mtu wa swala tano, alikuwa akichungulia jikoni kwetu huku ameinua kanga yake juu ya vifundo vya miguu.

"Mama Tumaini," alimwambia mama akimwita kwa jina langu, "wenzio tunatega panya, wewe unawakatia majani."

"Karibu chakula, Bi Mwajuma."

"Astaghafiru! Ahsante, nimeshiba mpaka mwaka kesho."

Basi wakacheka. Walipendana sana, ingawa mmoja hakuweza kula katika chungu cha mwenziwe.

Wale wawili walizaa, wakazaa tena, jikoni kukawa na kundi. Mmoja wao alikuwa wangu. Alikuwa jike wa rangi ya kahawia mwenye doa jeupe shingoni kama ukosi wa shati, na alipokula alishika jani kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa kana kwamba anaandika. Nikamwita Karani. Baba alilipenda jina hilo kupita kiasi. Alirudi kutoka shambani, mikono imechomwachomwa na miiba ya mkonge, akaketi na kuuliza kwa sauti ya heshima, "Karani ameshatoka ofisini?"

Sasa nifike kwenye mwaka wenyewe. Mvua zilikuwa nyingi, maji ya mfereji yakapanda mpaka milangoni, na ugonjwa wa kuhara damu ukaingia kambini. Ulianza safu ya mwisho ukaja ukihesabu milango. Niliwasikia wanawake wakilia mahali, kisha mahali karibu zaidi. Halafu nikaugua mimi. Ya siku hizo sikumbuki mengi, ila uso wa mama ukiwa juu yangu kila nilipofungua macho, kana kwamba haukuwa na mahali pengine pa kwenda, na ladha ya haluli, ile dawa chungu ya kuendesha tumbo. Zahanati ya shamba ilikuwa na imani kubwa na haluli. Ukiumwa tumbo, haluli. Ukiumwa kichwa, haluli. Ukienda kumsindikiza mgonjwa ukasimama vibaya kwenye foleni, na wewe haluli.

Nilipona, lakini si kwa mara moja. Tumbo lilibaki na hila zake. Kila asubuhi mama alinifuata nilikojisaidia, akatazama alichotazama, akarudi ndani. Niliona aibu. Nikaanza kumsoma uso ili nijue mimi ni mzima au mgonjwa.

Katika siku hizo hizo simbilisi nao wakashikwa na ugonjwa wao, mafua na macho yenye tongo, manyoya yamesimama. Mama aliwakuta asubuhi wamelala ubavu, leo huyu, kesho yule. Sijui kama ni baridi ya mvua au ni nini. Kundi lote likaisha, akabaki Karani peke yake, amekonda, macho yake yamefunguka tena, mafua yamekauka. Nilifurahi nikidhani mambo yamekwisha. Mama hakufurahi.

"Mnyama huyu roho yake iko tumboni," alisema. "Akiacha kula mchana, usiku hana."

Na kweli tumbo lake lilikuwa limeharibika. Choo cha simbilisi mzima ni punje ngumu, ndefu kidogo, zinazong'aa. Karani alikuwa akitoa ujiuji uliomgandia manyoya ya nyuma. Jani alilinusa akaliacha. Mama alinifundisha kuponda majani ya ukoka, kuyakamua kwa kitambaa, kuchanganya maji yake na uji mwepesi, kisha kuyapitisha kwenye mrija wa jani la mpapai mpaka pembeni mwa mdomo wake, tone kwa tone. Nilimweka mapajani nikamsubiri ameze. Nilipoona koo lake limecheza, na mimi nilimeza mate.

Baba alishauri tumpe haluli.

"Haluli kwa mgonjwa anayeharisha?" mama akauliza.

"Mbona mimi walinipa nikiwa naharisha?"

"Na ulipona kwa haluli, au ulipona ili wasikupe tena?"

Baba akamtazama Karani kwa huruma kama mtu aliyepita njia hiyo.

Halafu bwana afya akatoa amri. Alikuwa mtu mfupi mwenye kaptula iliyopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate, na fimbo nyembamba ambayo hakumpigia mtu, alifunulia tu vifuniko vya vyungu. Alipita safu kwa safu akitangaza kwamba ugonjwa umeletwa na uchafu: sakafu zifagiliwe na kumwagiwa maji ya chokaa, na mnyama yeyote atakayekutwa ndani ya nyumba atauawa pale pale. Kuku wakahamia nje. Mbuzi wa safu ya tatu akauzwa. Karani hakuwa na pa kuhamia. Nje kulikuwa na paka, mwewe, mbwa na watoto wenye manati.

Tukafanya alivyosema, na zaidi. Mnaoijua hofu ya mama aliyekaribia kumzika mtoto mtaelewa hiyo zaidi ilikuwa nini. Mama alifagia alfajiri, adhuhuri na jioni. Alimwekea Karani kikapu kilichofumwa kwa ukindu, chini akatandika majani makavu, na mimi kazi yangu ilikuwa kuokota kila alichotoa, hata kama ni chembe, na kukitupa mbali. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Kichwani mwangu nilikuwa nimeunganisha mambo: uchafu ulinilaza mimi, uchafu utamlaza yeye. Kwa hiyo niliokota hata kabla hakijagusa chini. Karani aliinamisha kichwa kati ya miguu yake ya nyuma kama anayetafuta kitu, mimi nikawahi na jani na kumfuta. Akanitazama. Nikadhani ananishukuru.

Siku ya ukaguzi tulisikia fimbo ikigonga milango ya safu ya kwanza. Mama alikimbilia ukutani.

"Bi Mwajuma! Nisaidie."

Bi Mwajuma alitokea akakitazama kikapu, uso umemkunjamana. "Simgusi," alisema. "Mungu ananiona, simgusi. Lakini kikapu nitakikalia."

Akakichukua kwa ncha za vidole, akakiweka barazani kwake chini ya kigoda chake kirefu, akaketi, akatandaza kanga mpaka chini na kuanza kupeta mchele. Bwana afya alipofika kwetu, alifunua vyungu, akachungulia chini ya kitanda, akapitisha kidole sakafuni na kukitazama. Kidole kilikuwa cheupe. Nilisimama mlangoni nikiomba Karani asipige mluzi. Alipotoka alisimama mbele ya Bi Mwajuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo na kazi?"

"Sijambo. Huku hakuna wanyama?"

"Mnyama gani, baba, na mimi mwenyewe nina hofu hata na mende?"

Alikwenda zake. Bi Mwajuma aliendelea kupeta mpaka mgongo wa yule bwana ulipopotea, kisha akainuka kama aliyekalia kaa la moto na kwenda kutawadha upya. Karani hakuwa amepiga mluzi. Sisi sote tulimsifu kwa utulivu wake. Nilipofungua kikapu ndipo nilipoona kwamba haukuwa utulivu. Alikuwa amejikunja, tumbo limejaa kama ngoma iliyowambwa, na meno yake yanasagana taratibu. Chini yake pakavu kabisa. Nilikuwa nimetamani ujiuji ule ukome, na sasa ulikuwa umekoma, na hakukuwa na kitu kingine.

Mama alimpapasa tumbo, akaweka sikio. Aliketi sakafuni, kwenye ile sakafu nyeupe, na akasema maneno ambayo nilikuwa nimeyasikia kwake mara nyingi bila kuyatia maanani: "Simbilisi haponi peke yake." Kwao, alieleza, simbilisi aliyeugua hakutengwa. Alirudishwa katikati ya kundi, na kona yao haikufagiliwa ikaisha. Kila mara paliachwa uchafu kidogo. Kwa nini, hakujua. Bibi yake alifanya hivyo, mama yake alifanya hivyo. Huku alikuwa ameacha, kwa sababu huku kuna bwana afya.

Lakini kundi lilikuwa limekufa. Simbilisi wengine wa karibu walikuwa Mikumi, kwa kaka yake mama, Mjomba Yohana, aliyekuwa kibarua wa barabara kuu iendayo Iringa.

Jioni ile nilisikia wazazi wangu wakizungumza Kibena, wakidhani sifuatilii.

"Safari ya Mikumi kwa ajili ya panya?" Hata baba siku hiyo alisema panya.

"Mtoto naye atapata hewa nyingine."

"Kazi siwezi kuacha. Kadi yangu ya kipande itakatika, na siku za mshahara zitapotea."

"Sijakwambia uache."

Nilijua kwamba neno langu halihesabiwi, nikabaki kulihesabu mwenyewe kifuani: aende, asiende, aende. Kabla ya kengele ya kazi kulia baba alibeba kikapu mwenyewe mpaka barabarani, panga lake chini ya kwapa, mama nyuma yake na kitita cha nguo kichwani. Alinipapasa kichwa. Kisha baba akamgeukia mama, akamwuliza tu, "Utarudi lini?"

"Lori likirudi."

Lori lilikuwa la mahindi, na dereva wake alikubali tukae juu ya magunia. Barabara ya Kilosa hadi Mikumi wakati ule ilikuwa mashimo yaliyounganishwa kwa udongo. Kila liliporuka, niliinua kikapu ili mshtuko uishie mikononi mwangu. Niliingiza mkono ndani na kuuweka juu ya tumbo la Karani, na kila nilipouhisi ugumu ule nilijiuliza kama ni uleule au umezidi, nikautoa mkono, nikajilaumu kwa kuutoa, nikaurudisha. Nimekuwa hivyo tangu zamani, mnaona.

Njiani tumbo langu nalo likanisaliti. Nilivumilia mpaka jasho likanitoka. Mama alinitazama mara moja tu, akagonga kibanda cha dereva.

"Mama, huku hapana choo," dereva alifoka, "huku pana simba!"

"Basi simama kidogo asijipatie choo kwenye mahindi yako."

Akasimama. Nilichuchumaa kando ya barabara na mama akasimama mbele yangu, amenyoosha kanga kama ukuta, akitazama nyasi ndefu. Utingo alishuka na rungu akatupa mgongo kwa adabu. Sikumbuki kama niliogopa simba. Niliogopa alichokuwa anakwenda kutazama mama baada ya mimi kuinuka. Alitazama. Uso wake ukafungwa kama mlango.

Mbele kidogo nyati walikuwa wameziba barabara. Dereva akazima injini, tukasubiri. Katika ukimya ule nilisikia meno ya Karani yakisagana, kisha sikuyasikia tena, na sikuthubutu kufunua kikapu. Nilibaki na kifuniko chini ya kiganja. Nyati mmoja, dume kubwa lenye matope mgongoni, alitukazia macho kana kwamba tunamdai maelezo. Nilimwambia moyoni: ondoka, tafadhali, tuna mgonjwa.

Tulifika jua limeinama. Mjomba Yohana aliishi katika kibanda cha udongo na nyasi nyuma ya kambi ya barabara, na kabla hatujabisha hodi, mluzi ulituwahi: kwii, kwii, kwii! Mama alisimama ghafla. Mkaza mjomba akatokeza.

"Kamwene!"

"Kamwene!" mama akaitikia, na sauti iliyotoka haikuwa ile niliyoizoea. Ilikuwa ya msichana. Waliulizana habari kwa Kibena, habari za nyumbani, za mvua, za fulani na fulani, na mama akacheka mpaka akashika ukuta. Nilimshangaa. Pale kambini alicheka kwa kuziba mdomo.

Jikoni kwa mjomba kona moja ilijaa majani yaliyotafunwa nusu na punje za choo, na simbilisi wa kila rangi wakigombania maganda. Kulinuka nyasi na moshi na mkojo. Nilimtazama mama nione anavyochukizwa. Alikuwa amevuta pumzi ndefu na kufumba macho.

Nilifunua kikapu. Karani alikuwa hai. Mjomba alimchukua, akambonyeza tumbo kwa kidole gumba, akaguna, akamweka katikati ya kundi. Dume lao likamjia likinguruma, likamsukuma kwa kifua, likamnyofoa manyoya. Karani akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia tena. Niliruka kumchukua, mjomba akanishika bega.

"Muache. Wanamuuliza habari za huko alikotoka."

"Wanamuua!"

"Muache, mwanangu. Mgeni lazima aulizwe."

Waliendelea kumuuliza. Alikimbilia ukutani, akajibanza, wakamwacha. Alikaa muda akihema. Kisha akainamisha kichwa, akanusa sakafu, akaokota punje moja ya choo cha wenzake na kuitafuna.

"Mama! Anakula mavi!"

Mjomba na mkewe waliangua kicheko. "Ndiyo posho yake," alisema mkaza mjomba. "Hukujua? Hula yake, hula ya wenziwe. Bila hiyo majani hayamshuki."

Mama hakucheka. Alimtazama Karani akitafuna, akanong'ona, "Na sisi tulikuwa tunamfagilia." Miaka mingi baadaye, darasani, mwalimu wa elimu ya viumbe alitueleza kwamba wanyama wa namna ile hupata katika choo wanachokila mambo ambayo tumbo lao haliwezi kuishi bila hayo, na wakiugua huyapoteza. Niliandika alichosema, na pembeni nikaandika: Karani.

Siku ile Karani hakutoa kitu. Nililala nikiwa nimejiambia kwamba nikiamka wa kwanza nitajua wa kwanza.

Nilipoamka jua lilikuwa limeingia na mama hakuwa kitandani. Nilikimbilia jikoni. Karani alikuwa kando ya dume lile lile, ubavu kwa ubavu, ameshika unyasi kwa mikono miwili, anaandika. Nyuma yake palikuwa na punje zake. Nilijua ni zake kwa sababu nilisubiri mpaka ikadondoka nyingine: ngumu, ndefu, inang'aa kama mbegu ya mpapai. Niliiokota ikiwa bado na joto, nikatoka nje kumtafuta mama.

Alikuwa barabarani, amesimama mbele ya lori lililoelekea Iringa. Kitita chetu cha nguo kilikuwa kimeshafungwa, kiko miguuni pake. Dereva alikuwa ameinamia dirishani.

"Nafasi ipo, mama. Wewe na mtoto kaeni hapa mbele na mimi. Jioni mko Iringa, na Njombe mtapata lori jingine."

Mama alikuwa anaitazama barabara mahali inapoanza kupanda kuelekea milimani. Moyo wangu ulishtuka kwa jambo moja: anataka kumrudisha Karani Njombe, na Njombe kuna baridi, na ametoka mafua juzi.

"Mama! Mama, Karani amekunya!"

Dereva akapiga usukani kwa kicheko. Mama hakugeuka kwake. Aliinama, akaichukua ile punje kiganjani mwangu, akaivunja kati ya vidole kama mtu anayejaribu maharage kama yamekauka vizuri. Kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu.

"Na wewe? Umepata choo?"

"Ndiyo." Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimepitia huko nyuma ya kibanda.

"Kigumu?"

"Kigumu."

"Twende nikaone."

Tukaenda, akaona. Alichuchumaa pale nyuma ya kibanda cha kaka yake, mikono juu ya magoti, na mabega yake yakaanza kutikisika. Barabarani dereva alipiga honi, akapiga tena, kisha injini ikanguruma na lori likaondoka. Mama hakuinuka mpaka sauti yake ilipomezwa na mlima.

Nilimshika bega. "Usilie, mama. Karani amepona."

"Ndiyo," alisema. "Amepona."

Mchana lori letu la mahindi lilirudi. Mama aliniuliza kama tumchukue Karani au tumwache, na aliuliza kwa namna ya mtu ambaye atafuata jibu. Niliingia jikoni mara kadhaa. Nilimwaza peke yake katika kile kikapu safi. Nilijiwaza mimi bila yeye. Alikuwa amelala katikati ya wenzake, huwezi kujua mguu huu ni wa nani. Nikamwambia mama tumwache. Alininyanyua kwenye magunia, akapanda, akajifunga kanga kichwani. "Twende," alisema. "Baba yako hajui kupika."

Kwa miaka mingi niliisimulia hadithi hii kama hadithi ya simbilisi. Nilikuwa nimesoma sana, na nimekuwa mtu mzima, nilipokuja kukiona kile kitita miguuni pa mama. Kitita cha safari ya siku mbili hakifungwi vile. Alikuwa amechukua nguo zangu zote. Niliona pia kwamba baba alikuwa amebeba kikapu mpaka barabarani na kuuliza mama atarudi lini, wala hakuuliza kuhusu Karani. Tangu hapo siwezi kuliacha jambo hilo. Kama nisingepona asubuhi ile, tungepanda mlima? Kama tungepanda, ningesoma? Baba angebaki na nani? Nami, niliyekimbia na punje ya choo kiganjani, nilimsaidia mama au nilimfungia njia?

Likizo iliyopita nilijipa moyo nikamuuliza. Tulikuwa tunachambua maharage, baba amelala kivulini. Nilimwuliza kwa nini siku ile hakupanda lori la Iringa.

Aliendelea kuchambua. "Lilikuwa limejaa," akasema.

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba dereva nilimsikia kwa masikio yangu. Kisha nikavuta ungo karibu, nikaendelea kuchambua maharage.